Moshi wa Jumamosi

Nina deni na kanisa letu la Kanja, na ni deni la pesa. Mwaka nilioitwa chuo kikuu walinifanyia harambee. Baada ya ibada meza iliwekwa nje, watu wakapanga foleni, asiye na noti akaleta maharagwe au yai, na jogoo mmoja akapigwa mnada mara tatu kwa sababu kila aliyemnunua alimrudisha auzwe tena. Zilipatikana elfu sitini na moja na ushee. Nilisoma miaka miwili na nusu nikaacha. Sababu ni ndefu, nyingine za kusikitisha na nyingine za kipuzi, na hapa itoshe kusema kwamba sikufukuzwa. Asubuhi moja nilibeba begi nikatoka, sikurudi. Siku hizi naishi Roysambu na naandika chochote kinacholipa: maelezo ya viatu vya kuuzwa mtandaoni, hotuba za arusi, tanzia. Nyumbani naenda katikati ya wiki, ili Jumapili isinikute huko.

Kwa hiyo mwenyekiti wa kamati ya kanisa aliponipigia simu mwezi wa pili, nilijua yamefika. Ndiye aliyesimamia ile harambee. Niliiacha simu ikalia mara mbili, ya tatu nikashika.

"Msichana wetu," akasema, "nasikia wewe ni mtu wa kalamu."

Kumbe walikuwa wanataka kijitabu. Kanisa linatimiza miaka kadhaa tangu liwe parokia, askofu atakuja, hema litakodishwa, na kila mgeni apewe kijitabu cha kurasa ishirini chenye historia "tangu lile la nyasi hadi hili la mawe." Malipo elfu nane, nusu sasa, nusu nikimaliza. Kabla hata sijakubali, ujumbe wa M-Pesa ulikuwa umeingia. Jina la kanisa sitalitaja, na ukifika mwisho utaelewa kwa nini. Watu wa kwetu watalijua tu.

Kanja, kama hujafika, ni soko dogo la kaunti ya Embu. Ukitoka Embu mjini unapanda matatu ya Runyenjes, halafu nyingine au boda, na ardhi inaanza kupanda kuelekea msitu wa Mlima Kenya. Kuna chai, kuna kahawa, kuna migomba, na kuna ukungu wa asubuhi ambao watu wa Nairobi huupiga picha na sisi huulaani kwa sababu nguo hazikauki. Kila kitu kwetu kinaoza haraka. Hilo liweke akilini.

Kamati ilinipa ukurasa mmoja uliopigwa chapa. Nusu yake ilikuwa majina ya wazee waliowahi kuwa wenyeviti. Kuhusu kanisa la nyasi kulikuwa na sentensi mbili: kwamba waumini wa kwanza walilijenga, na kwamba wakati wa Hali ya Hatari lilichomwa na Mau Mau. Baada ya hapo tunaruka hadi mabati, kisha mawe, kisha mchango wa kila mheshimiwa na kiasi alichotoa.

Nikaanza pale mtu aliyewahi kusoma chuo angeanza. Nilienda Nyaraka za Kitaifa, Moi Avenue, katika jengo ambalo zamani lilikuwa Benki ya India. Kila mtu wa Nairobi amewahi kumwambia mwenzake "tukutane Archives" na kusimama pale nje akisubiri. Mimi nilikuwa nimesimama hapo labda mara mia na sijawahi kupanda kwenda kusoma. Niliomba ripoti za mwaka za wilaya ya Embu. Bwana DC baada ya bwana DC, wote wanaandika habari zilezile: kodi ya nyumba imekusanywa kiasi gani, barabara, nzige, mvua. Kodi ya nyumba ilitozwa kwa kila nyumba, yaani mtu alienda akahesabu mapaa ya nyasi, moja moja. Lakini paa nililokuwa nikilitafuta mimi, katika majalada niliyosoma, halikuwapo. Misheni kubwa zilitajwa. Banda la waumini wa Kanja halikumhusu DC.

Ninachoweza kukieleza bila wasiwasi ni hiki. Waingereza waliipiga Embu mwaka 1906 na kuweka boma pale mji ulipo leo. Mwaka 1910 wamisheni wa Kianglikana wa CMS walifungua kituo chao Kigari, na wale wa Kikatoliki wa Consolata, Waitaliano, nao wakaja na vituo vyao. Vituo vilikuwa vichache na vilima ni vingi. Walioifikisha dini kwenye vilima ni vijana waliojifunza kusoma misheni, wakarudi kwao na kitabu kimoja, wakaomba kipande cha shamba na kujenga banda la udongo na nyasi. Siku za wiki lilikuwa shule, Jumapili kanisa. Waliofuata mambo haya waliitwa athomi, wasomaji. Baganda nao walisema abasomi, neno lilelile. Hukuitwa mwamini, uliitwa msomaji. Mimi niliyeacha kusoma niliiandika sentensi hiyo, nikaenda kununua chai, nikarudi.

Na usidhani nyasi ilikuwa kwa ajili ya wadogo tu. Kampala, juu ya kilima cha Namirembe, walijenga kanisa kubwa la miti na nyasi mwaka 1892, na dhoruba ikaliangusha mwaka 1894. Baadaye wakajenga kwa matofali, lakini paa wakaliacha la nyasi, na kanisa hilo lililokamilika mwaka 1904 likapigwa radi na kuungua mwaka 1910. Kanisa kuu lililopo sasa, la 1919, lina vigae. Walijifunza kwa njia ngumu. Ila Namirembe ilikuwa na wafalme na maaskofu wa kuandika habari zake. Sisi tulikuwa na shosho yangu.

Sikufikiria kumuuliza mapema. Huo ndio ukweli, na unaniaibisha kidogo. Nilikwenda kwake kulala tu, kwa kuwa nilikuwa nimekuja kupiga picha jiwe la msingi. Yeye alikuwa ameketi mlangoni anapepeta maharagwe kwenye uteo. Ana miaka themanini na kitu. Alizaliwa Kanja na akaolewa bonde la pili, kwa hiyo maisha yake yote ameona kilima kimoja kutoka pande mbili. Nilimsomea ule ukurasa wa kamati nikiutafsiri kwa Kiembu. Alisikiliza hadi "waumini wa kwanza walilijenga" akacheka.

"Walilijenga mara ngapi?" akauliza.

Sikumwelewa. Basi akaweka uteo chini akanieleza, na sehemu kubwa ya ninayoyajua kuhusu kanisa la nyasi niliipata jioni hiyo kabla giza halijaingia.

Wanaume ndio walioezeka, anasema. Mwanamke hakupanda juu ya paa. Lakini nyasi ilikatwa na wanawake, ikafungwa mizigo, ikabebwa mgongoni kwa mukwa, ule mkanda wa kwenye paji la uso ambao uliwaachia mama zetu alama ya kudumu. Maji ya kukandika udongo yalichotwa na wanawake, na udongo ukakandikwa na wanawake. Mama yake alikuwa mmoja wao. Kazi ikaisha, wakaimba, wakala viazi. Na baada ya mvua chache paa likaanza kuvuja.

Nyumba ya nyasi ina moto ndani yake, kila siku. Moshi unapanda, unazikausha nyasi, unawafukuza wadudu, kule juu kunakuwa na masizi yanayong'aa kama rangi. Nyumba iliyohamwa, isiyo na moto, huoza na kuanguka upesi. Sasa kanisa ni nyumba isiyo na jiko. Hakuna anayelala humo, hakuna anayepika. Lilikuwa linaloweshwa wiki nzima na kukaushwa na pumzi za watu saa mbili za Jumapili. Kwa hiyo paa lililodumu miaka kumi nyumbani halikumaliza nusu ya miaka hiyo kanisani. Ndiyo maana ya lile swali lake. Walilijenga tena na tena, nyasi zilezile, migongo ileile, na kila mara watu walikusanyika upya kana kwamba ndiyo mara ya kwanza.

Mpaka wanawake wakachoka, wakapata akili. Jumamosi, baada ya kufagia, wakawasha moto katikati ya kanisa. Si wa miali, wa moshi: kaa chache kutoka nyumbani, kuni mbichi, juu yake majani mabichi. Mwalimu wa kanisa hakupenda. Alisema nyumba ya Mungu inanuka kama jiko. Shosho anasema Mungu mwenyewe hakulalamika, na paa likaacha kuvuja. Kazi ya kuuchunga moto walipewa wasichana wadogo, maana nyasi ni nyasi, cheche moja na umemaliza. Kwa miaka kama miwili msichana huyo alikuwa yeye. Alipewa kiazi cha kuchoma kwenye makaa, ndio mshahara.

"Jumapili nguo zetu zote zilinuka moshi," akasema. "Ulimjua mtu wa kanisa kwa pua."

Nilikuwa naandika kwenye simu kwa kidole gumba, kwa kasi, nikifurahi. Nilijua nimepata kijitabu. Kisha nikamuuliza, kwa ajili tu ya kukamilisha, Mau Mau walilichoma mwaka gani.

Akachukua uteo wake. Akapepeta kwa muda.

"Si Mau Mau," akasema.

Hapa ni lazima nirudi nyuma kwa wale waliolala darasani. Hali ya Hatari ilitangazwa tarehe 20 Oktoba 1952. Usiku huohuo Kenyatta akakamatwa. Waembu, pamoja na Wagikuyu na Wameru, wakawa watu wa kuchungwa. Mwaka 1954 serikali ikaanza kuwahamishia watu kwenye vijiji vyenye ulinzi, na akina mama wakalazimishwa kuchimba mtaro ukingoni mwa msitu wa Mlima Kenya ili wapiganaji wasipate chakula. Wanakijiji waliopewa mikuki, na baadaye bunduki, wawalinde na wawachunge wenzao waliitwa homugadi. Wengi wa homugadi walikuwa wasomaji, watu wa kanisa. Wengi wa waliokula kiapo pia walikuwa watu wa kanisa. Katika benchi moja ungeweza kuwapata wote wawili, na huenda walijuana. Mau Mau walichoma makanisa na shule za misheni, hilo si uongo, na waliua Wakristo waliokataa kiapo. Ndiyo maana ile sentensi ya kamati haikuwa imemshtua mtu yeyote.

Anavyosimulia shosho, ilikuwa Jumamosi, kabla hawajahamishiwa kijijini. Moshi ulionekana kutoka kituo cha homugadi kilichokuwa ng'ambo ya mto. Moshi mahali ambapo hapaishi mtu, karibu na msitu, wakati ambapo kumpikia mtu wa msituni kulikuwa kosa la kukupeleka kizuizini. Walikuja na afisa mzungu. Waliuliza chakula kiko wapi. Hakukuwa na chakula, kulikuwa na kiazi. Mama yake na wanawake wengine wawili waliletwa, wakapigwa mbele ya mlango wa kanisa huku wakieleza habari ya nyasi na wadudu, na hakuna aliyeeleza upumbavu kama huo akaaminiwa. Kisha kanisa likachomwa. Halikuchukua muda. Zile nyasi zilikuwa zimekauka vizuri.

"Nani aliwasha?" nikauliza.

Akanitajia. Alikuwa ndiye fundi wao wa kuezeka, mtu aliyezipanga nyasi zile kwa mikono yake. Ni baba yake mwenyekiti wa kamati.

Sikulala vizuri. Asubuhi nikamuuliza kama niandike. Alisema jina la yule mzee nisiliandike, amekwisha kufa na watoto wake ni watu wazuri, ndio waliokusanya pesa zako za shule. (Hakuongeza kitu, wala hakuhitaji.) Lakini akasema nikitaka kuandika majina niandike ya wanawake waliokata nyasi. Akaanza kuyataja, akihesabu kwa vidole, akirudi nyuma, akisahihisha: huyo hapana, huyo alikuja wakati wa mabati. Yalifika kumi na moja. Mengi sikuwa nimewahi kuyasikia. Mengine ni ya wasichana niliosoma nao, kwa sababu kwetu majina ya mashosho hurudi kwa wajukuu.

Nikaandika rasimu mbili. Ya kwanza ilikuwa na kila kitu bila jina la mzee. Ya pili nilikuwa nimeiacha ile sentensi ya Mau Mau kama ilivyo. Nataka kuwa mkweli: nilikaa na ya pili siku nne. Elfu nne zilizobaki zilikuwa kodi yangu ya nyumba, na nilijiambia kwamba watu waliokulipia karo hawastahili kurudishiwa hivi. Mwishowe nikatuma ya kwanza usiku, nikazima simu.

Hakupiga kwa wiki moja. Kisha akaniomba nije. Tulikaa ofisini mwa kanisa, mvua ikaanza, na ilibidi tunyamaze kwa muda kwa sababu chini ya mabati huwezi kusikilizana. Wazee wote wa kwetu watakwambia hilo, kwamba chini ya nyasi mhubiri hakukatizwa na mvua. Baada ya uhuru wanawake wa sehemu zetu waliunda vikundi vya mabati, wanachangiana na kuezekeana zamu kwa zamu, na hakuna aliyetamani kurudi kwenye nyasi. Lakini kelele ile hawakuitarajia.

Ilipopungua akasema, "Nilijua."

Akasema baba yake alimweleza kabla hajafa. Kwa maelezo ya baba, afisa alitaka kuwachukua wale wanawake watatu wote na yule msichana. Baba akamwambia afisa kwamba kosa ni la nyumba, si la watu: ukiiacha watu wa msituni wataitumia, afadhali tuichome sasa hivi. Afisa akaridhika. "Alichagua nyasi ziungue, watu wabaki," mwenyekiti akasema. Nikamwambia walipigwa. Akasema anajua walipigwa. Nikamwambia mama yake shosho alilala kituoni siku kadhaa. Hilo hakulijua, au hakutaka kulijua, akaangalia dirishani.

Sina njia ya kupima maelezo hayo mawili. Shosho, nilipomweleza, alisema tu, "Kila mtu anamwambia mtoto wake kitu."

Tulikubaliana hivi. Maneno "na Mau Mau" yatolewe. Maneno "na homugadi" yasiingie. Ibaki "lilichomwa", nukta. Kiswahili chetu kina kitenzi hicho kizuri kisichomtaka mtendaji, na siku hiyo kilitufaa sote wawili kuliko nilivyopenda. Habari ya moshi akasema itawachanganya wageni. Nikakubali. Majina kumi na moja akayakataa kwanza, ati nafasi, kwa sababu ukurasa ule ulikuwa wa tangazo la duka la vifaa vya ujenzi. Hapo ndipo nilipokataa mimi, nikashangaa sauti yangu ilivyotoka. Nilimwambia anirudishie rasimu yangu na nitamrudishia elfu nne zake. Sikuwa nazo. Akanyamaza, kisha akasema tangazo linaweza kwenda jalada la nyuma.

Siku ya sherehe nilikwenda. Ilikuwa Jumapili yangu ya kwanza pale tangu niache chuo. Nilikuwa nimejiandaa kwa swali la "unamaliza lini?" na niliulizwa mara sita kabla ya chakula. Askofu alikuja, hema likavuja upande mmoja, vijitabu vikaisha kabla ya mahubiri. Wanawake wawili wazee walinishika mkono wakinionyesha jina la mama yao kwa ukucha, bila kusema kitu. Elfu sitini na moja bado ninadaiwa, na mwenyekiti hajawahi kuzitaja.

Jioni nilimsomea shosho kijitabu chote, kurasa ishirini, hadi michango ya waheshimiwa. Alitaka kusikia yale majina mara mbili. Kisha akauliza iko wapi habari ya moshi. Nikamwambia hawakuiweka, lakini mimi nitaiandika mahali pengine, isomwe na watu wa Nairobi.

Akafikiri. "Basi ukiandika, andika vizuri. Sheria ilikuwa mlango uachwe wazi. Mlango ukiwa wazi moshi unatoka chini, unatawanyika mashambani, hauonekani mbali. Siku ile wenzangu walikuwa wanaenda mtoni. Niliona baridi itaingia iuzime moto, nikaufunga mlango nikawafuata."

Nilisubiri.

"Paa lote lilikuwa linafuka," akasema. "Tuliliona kutoka mtoni. Lilikuwa zuri."